Kusoma Kiebrania hadi ngazi ya juu: Yerusalemu, Bloemfontein, Uingereza au nyumbani?

Aliyemaliza miaka miwili ya Kiebrania katika chuo cha theolojia hujikuta njia panda. Herufi anazijua, vitenzi anavichambua, kamusi anaifungua bila kupotea. Lakini mpe ukurasa ambao hajawahi kuuona, bila tafsiri pembeni, atakaa nao asubuhi nzima. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kitabu cha Ruthu kina mistari 85 tu, nami kilinila karibu muhula mzima, na nilipofika mwisho nilikuwa nimeshasahau mwanzo wake ulivyosema. Nilikuwa nachambua. Kusoma nilikuwa bado.

Nawaandikia wanaotaka kuvuka hapo: mwalimu wa Agano la Kale, mfasiri wa Biblia kwa lugha ya kwao, mpenda historia, au mtu aliyevutwa tu na lugha yenyewe. Njia ninazozijua ni nne na nitazilinganisha. Ila kabla ya kuchagua mji kuna uchaguzi mwingine unaotangulia, na wengi huuruka.

Kiebrania kipi?

Kiebrania cha Maandiko kina mipaka. Maneno yake tofauti ni kama 8,000, na zaidi ya 1,000 kati ya hayo yametokea mara moja tu, kwa hiyo maana yake tunaitafuta kwa kubahatisha kwa busara, tukisaidiwa na Kiarabu, Kiakadi na lugha nyingine za ukoo huo. Hakuna atakayeongeza mstari. Kiebrania cha leo hakina mipaka hiyo, kinazaa kila siku. Eliezer Ben-Yehuda aliwasili Yerusalemu mwaka 1881, mwanawe akazaliwa 1882 na kulelewa kwa Kiebrania peke yake, na kutoka hapo lugha iliyokuwa ya sala, vitabu na barua ikarudi jikoni na sokoni. Akademia ya Lugha ya Kiebrania, iliyoundwa 1953, hutunga istilahi kama BAKITA wanavyofanya kwetu.

Je, ni lugha moja au mbili? Chukua neno *hashmal*. Katika Ezekieli 1:4 ni kitu king'aacho katikati ya moto, na Biblia yetu ya Union ikasema kaharabu. Mtaani Tel Aviv leo hashmal ni umeme, na bili ya hashmal huja kila baada ya muda kama ya kwetu. Waarabu nao umeme wanauita kwa jina hilo hilo la kaharabu, na sisi tumebaki na kaharabu ya vito. Neno *ekdah* katika Isaya 54:12 ni jiwe la thamani, leo ni bastola. Anayeanzia Kiebrania cha mtaani na kudhani amepata ufunguo wa manabii atakwama kwenye maneno kama haya, na hatajua kwamba amekwama, kwa kuwa sentensi itaendelea kumpa maana.

Sarufi nayo imehama, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo vitabu vya Wazungu havimwambii. Masimulizi ya Biblia yanakwenda kwa kitenzi kilichotanguliwa na *va*: *vayomer*, *vayelekh*, *vayar*. Mwanafunzi wa Ulaya hufundishwa jambo hili kwa sura nzima, kwa sababu lugha yake haina kitu kama hicho. Sisi tunayo -ka-. *Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru.* Akasema, akaenda, akaona: kitendo kikishika mkia wa kitendo kilichotangulia. Si kila va ni -ka-, lakini ukianza na dhana hiyo utakosea mara chache kuliko yule anayeanza na wakati uliopita wa Kiingereza. Kiebrania cha leo kimeiacha va hiyo. Mtangazaji wa redio akisema vayomer, msikilizaji atajua kwamba anasomewa Torati.

Vivyo hivyo zile *binyanim* saba, yaani kauli za kitenzi, zinazotisha wanafunzi. Lamad ni kujifunza, limed ni kufundisha. Kwa Mswahili aliyekua na piga, pigwa, pigana, pigisha, wazo la mzizi mmoja kuvaa kauli tofauti si geni. Kilicho kigeni ni kwamba kwao mabadiliko hutokea ndani ya neno, kwa irabu na kwa herufi kukazwa. Na beni ni mwanangu, avi ni babangu, ahiv ni nduguye, kiambishi kimegandana na jina kama kwetu.

Tena kuna msamiati tuliouokota kupitia Kiarabu: damu na dam, mauti na mavet, malaika na mal'akh, rehema na rahamim, hekima na hokhma, saba na sheva, tisa na tesha, mia na me'a, elfu na elef. Utayapenda, nayo yatakusaidia kukumbuka, lakini usiyaamini sana. Nafsi na nefesh zinafanana, ila nefesh kabla ya kuwa nafsi ni koo, pumzi, uhai. Zaburi ya 69 inapolia kwamba maji yamefika nafsini, mshairi anazama na maji yamemfika kooni. Tafsiri yetu imekwenda rohoni moja kwa moja, na picha ya mtu anayetapatapa imefifia.

Kati ya zama hizo mbili kuna Kiebrania cha tatu, ambacho vyuo vingi vya kikristo hawakigusi: cha Mishna, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya marabi uliokamilishwa takriban mwaka 200 BK na Rabi Yehuda ha-Nasi, na cha wafafanuzi waliofuata. Ukisema unasoma lugha *na utamaduni*, hapa ndipo utamaduni ulipo. Mishna inaanza kwa kuuliza ni saa ngapi jioni mtu aanze kusoma Shema, ile sala ya "Sikiliza, Ee Israeli", kwa maana siku huanza jioni, kama usiku wa Ijumaa kwa watu wa pwani ulivyo ule unaotangulia Ijumaa. Na kwa Shema ya asubuhi, Rabi Yehoshua anaruhusu hadi saa tatu, kwani hiyo ndiyo desturi ya wana wa wafalme kuamka. Saa tatu hiyo ni saa tatu yetu, iliyohesabiwa tangu jua kuchomoza. Nilipokutana nayo mara ya kwanza sikuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa, wakati mwenzangu wa darasani kutoka Ujerumani alikuwa anapiga hesabu kwenye karatasi.

Ushauri wangu katika hili una upande, nami siuoni aibu. Hata kama lengo lako ni Biblia peke yake, jifunze kuongea. Usikawie hadi uwe mwanafasihi. Fika mahali unapoweza kusikia hadithi na kuicheka kabla ya kuitafsiri. Aliyejifunza kwa jedwali la vitenzi tu ana kasi ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Anayeongea anaogelea. Hatari ya hashmal ipo, lakini inatibika kwa kamusi, na kutosoma kwa kasi hakuna kamusi inayokutibu. Isipokuwa kama una mwaka mmoja tu na mtihani wa ufafanuzi wa Maandiko unakusubiri: hapo nenda moja kwa moja kwenye matini.

Yerusalemu

Kwa lugha yenyewe hakuna mahali pa kushindana na hapa. Chuo Kikuu cha Kiebrania kilifunguliwa 1925 juu ya Mlima Scopus, na shule yake ya kimataifa, Rothberg, hufundisha Kiebrania kwa ngazi sita zilizopewa majina ya herufi: Alef, Bet, Gimel, Dalet, He, Vav. Alef ni asiyejua kitu. Anayemaliza Vav anaweza kukaa kwenye mihadhara pamoja na wenyeji. Ukisikia mtu anasema "niko Gimel", elewa kwamba anaongea vizuri dukani ila gazeti bado linamtoa jasho.

Kozi hizo zinaitwa *ulpani*. Ya kwanza, Ulpan Etzion, ilianzishwa Yerusalemu 1949 kwa ajili ya wahamiaji waliokuwa wanamiminika kutoka nchi mbalimbali bila lugha ya pamoja, na mtindo haujabadilika sana: saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, miezi mitano, mwalimu haongei ila Kiebrania. Hesabu ya kawaida ni saa 500. Linganisha na saa tatu au nne kwa wiki tulizokuwa tunapata chuoni, halafu usijilaumu tena kwa kutojua.

Kwa upande wa Maandiko kuna mambo mawili ya kuangalia. Taasisi ya Polis, iliyoanzishwa 2011, hufundisha lugha za kale, Kiebrania cha Biblia kikiwamo, kwa kuzisema darasani kana kwamba bado zina wenyewe. Wasomi wengine hawapendi njia hiyo. Mimi naipenda kwa sababu inaondoa ile tabia ya kutazama kila kitenzi kama maiti ya kupasuliwa. Pili, kwa miaka mingi pamekuwa na mpango wa kuwaleta wafasiri wa Biblia, wengi wao Waafrika, wakae Yerusalemu, wasome Kiebrania cha kuongea pamoja na cha Maandiko, na watembelee nchi wanayoifasiri. Kama wewe ni mfasiri katika mradi unaotambulika, waulize wakuu wa mradi wako kuhusu mpango huo kabla ya kuuliza chuo chochote. Mfasiri aliyeona bonde kavu likijaa maji ghafla baada ya mvua ya mbali hatapata shida kutafuta neno la kwao.

Ukiachana na darasa kuna Maktaba ya Taifa, iliyofungua jengo jipya 2023, na Jumba la Makumbusho la Israeli lenye magombo ya Bahari ya Chumvi na Kodeksi ya Aleppo, hati ya Biblia ya Kiebrania ya karne ya 10. Kuna na kalenda yenyewe. Ijumaa mchana mabasi yanapungua kisha yanasimama, maduka yanafungwa, na jiji zima linashuka sauti hadi Jumamosi usiku. Neno *shabati* unaweza kulieleza kwa miaka ukiwa mbali. Pale unalazimika kununua mkate mapema.

Sasa upande wa pili, na sitaupunguza. Vijana wawili Watanzania waliokwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo walikuwa miongoni mwa waliouawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Vita vya Gaza vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya watu. Ndege zimesitishwa na kurudishwa mara kadhaa, programu nazo. Usilipe ada isiyorudishwa. Zungumza na wazazi wako kabla hujaomba viza, si baada. Na ujue kwamba hutakwenda mahali pasipo na upande: kwa sheria ya 2018 Kiebrania ndiyo lugha pekee ya dola na Kiarabu kimebakiwa na hadhi maalumu tu, wakati sehemu kubwa ya nusu ya mashariki ya jiji unaloishi inaongea Kiarabu, na Mpalestina atakayekujibu kwa Kiebrania huenda amekijifunza kwa sababu ya kazi au ofisi. Jifunze Kiarabu kidogo ukiwa pale. Anayejua Kiswahili hana kisingizio.

Kuna na tatizo dogo linaloua maendeleo kuliko yote: Yerusalemu wakikuona mgeni wanakujibu kwa Kiingereza. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na kurudi na Kiingereza kizuri. Ndiyo maana mwenye nia ya kuongea namshauri afikirie pia Beer Sheva, kwenye Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, ambako watalii ni wachache na muuza mboga hana muda wa kubadilisha lugha.

Bloemfontein na Stellenbosch

Wengi wetu hatuifikirii Afrika Kusini, na hapo tunakosea. Chuo Kikuu cha Free State, Bloemfontein, kina idara ya Kiebrania inayojulikana duniani kwa isimu ya Kiebrania cha Biblia na kwa utafiti wa tafsiri ya Biblia, kupitia kazi za wasomi kama Cynthia Miller-Naudé na Jacobus Naudé. Stellenbosch imekuwa na Christo van der Merwe, mmoja wa waandishi wa sarufi rejea ambayo wanafunzi wa ngazi ya juu huitumia kila mahali. Pale ukisema lugha yako ina -ka- inayofanana na va ya masimulizi, hawakutazami kama mtu aliyeleta kioja. Wanakwambia: andika tasnifu.

Uzamivu wa huko kwa kawaida ni tasnifu, bila miaka ya masomo ya darasani, kwa hiyo mtu mwenye kazi na familia anaweza kuandika akiwa Dodoma au Eldoret na kusafiri mara chache kumwona msimamizi. Kwa mchungaji wa miaka 45 hii ndiyo njia pekee inayowezekana, nami nimewaona walioimaliza.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: mtaani hutasikia Kiebrania. Unakwenda na lugha uliyokwisha kuipata. Ukifika na Kiebrania cha kuchambua utatoka na shahada na Kiebrania kile kile cha kuchambua.

Uingereza

Nenda huko kwa ajili ya hati za mkono. Solomon Schechter, msomi wa Cambridge, alizichukua Cairo mwaka 1896 na 1897, kutoka ghala la sinagogi la Ben Ezra, karatasi ambazo Wayahudi hawakutaka kuzitupa kwa kuwa zimeandikwa herufi takatifu, na Cambridge leo ina vipande vipatavyo 193,000. Humo mna sala, hukumu za talaka, risiti, mazoezi ya watoto wa shule, na barua za wafanyabiashara waliokuwa wakisafirisha mali kati ya Misri, Aden na India katika karne ya 11 na ya 12. Msomaji wa pwani yetu atashtuka jinsi barua hizo zilivyo za nyumbani: meli inasubiri upepo, shehena imechelewa, ndugu hajaandika. Nyingi ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kijana aliyesoma madrasa Lamu au Tanga, anayetamka ayn na ha kooni bila shida na aliyezoea kusoma kutoka kulia, ana mtaji pale ambao hakuna mtu aliyemwambia kuwa anao. Sauti hizo Waisraeli wengi wa leo hawazitamki tena. Wayahudi wa Yemen ni miongoni mwa waliozihifadhi.

Oxford ina kituo chake cha masomo ya Kiebrania na Uyahudi, kilichoanzishwa 1972, na maktaba ya Bodleian yenye hati ambazo utazishika kwa mkono wako. Uzamili kwa kawaida ni wa mwaka mmoja au chini ya hapo, maana yake hakuna muda wa kujifunza lugha, wataanza nawe ulipo. Ada ya mwanafunzi wa nje ndiyo kubwa kuliko zote katika orodha hii, hivyo bila ufadhili usijisumbue. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja na hudai urudi kwenu kwa angalau miaka miwili. Ukiomba, kaa chini ufikirie vizuri utamwelezaje mfadhili faida ya Kiebrania kwa jamii yako. Na wakikwambia utahitaji Kijerumani, wanamaanisha. Karne mbili za ufafanuzi wa Agano la Kale ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Nyumbani

Miaka 20 iliyopita nisingeiweka njia hii pamoja na nyingine. Leo Sefaria inakupa Tanakh (Biblia ya Kiebrania), Mishna na Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, bure kwenye simu. STEP Bible, iliyoanzia Tyndale House, kituo cha utafiti wa Biblia kilichoko Cambridge, inakuchambulia kila neno. Magombo ya Bahari ya Chumvi yamepigwa picha na kuwekwa wazi, na Maktaba ya Taifa ya Israeli imekusanya picha za hati za Kiebrania kutoka maktaba za dunia nzima. Redio ya Israeli inasikika mtandaoni saa yoyote. Chuo cha Makumira, karibu na Arusha, wamefundisha lugha za Biblia kwa vizazi, na Africa International University ya Nairobi ina masomo ya tafsiri ya Biblia kwa ngazi ya juu.

Kinachokosekana ni mtu wa kukusahihisha. Nilisoma peke yangu kwa muda nikijenga makosa ya matamshi ambayo baadaye yalinichukua muda mrefu zaidi kuyabomoa. Kwa hiyo tafuta mwalimu wa mtandaoni hata saa moja kwa wiki, au mwenzako mmoja wa kusoma naye kwa sauti. Wayahudi wenyewe husoma wawili wawili wakibishana juu ya mstari, na utaratibu huo una jina, *havruta*.

Na Kiebrania kinachoombwa kwa sauti kipo hapa hapa. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu 1919, ambao huimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi Marekani na kuwekwa wakfu 2008. Si shule, ni watu katika ibada yao; ukitaka kwenda, omba ruhusa kwanza na uende kama mgeni.

Ningekuwa wewe

Mfasiri wa Biblia: Yerusalemu kwanza, walau miezi mitano ya ulpani hali ikiruhusu, kisha tasnifu Bloemfontein. Mwalimu wa chuo mwenye familia: saa moja kwa siku ya kusikiliza nyumbani kwa mwaka mmoja, halafu Afrika Kusini kwa njia ya tasnifu. Mwenye Kiarabu na mapenzi ya historia ya Bahari ya Hindi: Cambridge, na asianze kuomba kabla hajasoma Kiebrania cha Mishna. Anayetaka fasihi ya leo, lugha iliyompa S. Y. Agnon tuzo ya Nobel 1966, asipite popote pengine ila Israeli, na alenge Dalet kwenda juu, kwa kuwa Agnon mwenyewe aliandika kwa Kiebrania kilichosheheni Mishna na kitamrudisha darasani.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, jipime. Fungua Yona kwa Kiebrania, mistari 48, ficha tafsiri zote, ruhusu kamusi tu. Ukimaliza kwa jioni tatu na ukaweza kumsimulia mtoto kwa Kiswahili bila kurudi kwenye ukurasa, uko tayari kwa Bloemfontein au Oxford. Ikichukua wiki mbili, fedha yako ipeleke ulpani. Kwa Kiebrania cha leo, sikiliza taarifa ya habari ya redio mara moja tu, zima, na useme habari tatu ulizosikia. Ukipata moja, uko karibu na Gimel. Anza na darasa la Gimel hata kama cheti chako kinasema zaidi.